Kamiyo na Kinga

Bujumbura, tarehe 2 Juni 2025

Mudogo wangu Espoir,

Jambo mingi sana. Natumaini barua hii itakukuta muzima pale Rugenge, weye na wale panya wako wenye wanakula nyaya. Minye niko muzima, isipokuwa mugongo, juu mukubwa wetu wa duka la kuchapisha ametuletea viti vya mbao na anasema ni vya kisasa. Papa yetu nilimusikia kwa simu mbele antene ya simu ya kwenu ianze kukosa mazutu ya jenereta. Alikohoa, akasema ni vumbi tu ya kijijini Mutarule, akakata. Unamujua.

Tuingie kwenye jambo. Muchezo yetu ya simu, ya motari, yule mwenye anabeba abiria kwa pikipiki toka Mutarule mpaka Uvira bila kumuangusha, nimeionyesha watu hapa. Wamecheka. Si kwa ubaya, lakini wamecheka. Wanasema motari wetu iko bapa, ukimuangalia upande anapotea. Shida si weye wala minye. Shida ni injini, ile programu yenye tunajengea muchezo. Hii yako ya bure, yenye unaiita Kinga, kama baiskeli, juu ni nyepesi na unaipedali mwenyewe, ni ya kuanzia. Kuna ingine kubwa yenye vijana wote wa hapa wanatumia. Vitu vinasimama, vina kivuli, vumbi inaruka nyuma ya tairi. Minye nimeiita Kamiyo, juu ni lori kabisa. Mafundisho yake kwa Kifaransa yamejaa kwenye mutandao.

Nataka tuhamie Kamiyo. Nipe neno lako. Barua umupe Consolate mwenye anauza ndagala, anavuka mupaka wa Kavimvira karibu kila siku, na flashi uifunge ndani ya karatasi kama kawaida yetu, isipotee tena kwenye samaki.

Yaya wako,
Kaneza


Uvira, Rugenge, 9 Juni 2025

Yaya wangu Kaneza,

Barua na flashi vimefika, vyote vinanuka ndagala. Niko muzima, panya wako wazima kunipita. Pole na mugongo. Weka nguo iliyokunjwa kwenye kiti, mukubwa wenu akiuliza mwambie ni ya kisasa.

Ah, yaya! Wamecheka, na weye ukawasikiliza? Hao wenye wanacheka wana simu gani? Motari wa hapa iko na simu yenye kioo imepasuka na memori imejaa nyimbo za kwaya. Kinga inatoa muchezo mudogo, unaingia pale bila kufuta hata wimbo moja. Kamiyo itatoa muzigo yenye hakuna simu ya motari wa parking itabeba. Kwanza tujiulize nani atacheza, halafu tuchague injini. Weye unaanza na injini.

Na kuna ordinateri yangu, kompyuta yangu hii. Unaijua, mugongo wake umeshikwa na utepe wa gundi, scotch. Kinga inafunguka mbele chai yangu ipoe. Haiombi ufungue kompte, haiombi mutandao, na kila kitu ndani yake kimeandikwa wazi, nikitaka kujua kwa nini gurudumu halizunguki nasoma na ninarekebisha. Kamiyo niliionaga kwa rafiki. Kuishusha tu kulimaliza megabaiti zake zote, na ikifunguka inataka kwanza ujitambulishe kwa watu wenye haujui wako wapi. Hapa kwetu umeme unakuja unavyotaka. Sijui kama mashine yangu itaiweza.

Tubaki na Kinga. Vumbi nitachora minye mwenyewe, na kivuli pia. Nakuomba, yaya.

Mudogo wako,
Espoir


Bujumbura, 15 Juni 2025

Mudogo wangu,

Salamu zangu kwako na kwa wote wenye munakaa parselle moja. Mugongo umepata nafuu, ile ya nguo imesaidia.

Nimesoma maneno yako yote na mengine yalinichekesha. Lakini usikasirike: nimekwisha kuhama. Barua yako ilichelewa na minye sikuwa na subira. Bertrand, yule kijana wa kazini mwenye anaijua Kamiyo kama nyumba yao, alikaa na minye kila jioni. Nivo nne za kwanza, zile ngazi za muchezo, zimeingia. Ya tano nimeijenga mupya, Mutarule yenyewe! Espoir, utalia. Barabara, mutaro wa mupunga, kanisa, vumbi. Na kwenye kioo cha kwanza cha muchezo nimeandika kwa herufi kubwa: «Kaneza na Espoir, watoto wa Rénovat wa Mutarule.» Papa atafurahi, hata akikataa kusema.

Sasa kazi yako. Kwenye nivo ile, motari anapita mbele ya nyumba ya wezi wa ng'ombe, pale wanaficha ng'ombe za watu, na lazima awakimbie. Nyumba nimeitunga kwa kichwa. Lakini tangu tumuzike mama sijarudi kule, weye njo unaenda kwa papa kila mara. Fungua, pita barabara yote, angalia nyumba ile isifanane na ya muntu. Unajua vile watu wa bonde la kwetu wanagombana juu ya ng'ombe. Ukisema ni sawa, nitatoa muchezo. Ukisema si sawa, nitabadilisha.

Ordinateri yako ijaribu tu. Ikichoka, usijali, Bertrand iko tayari kuchukua kazi ya kuangalia makosa, na weye utapumzika.

Yaya wako,
Kaneza


Uvira, 24 Juni 2025

Yaya wangu,

Jambo mingi. Niko muzima kabisa. Papa nilimufikia juzi, kikohozi kimepungua, anakusalimia.

Nimefungua. Ordinateri ilisumbua kidogo lakini imekubali. Kweli ni nzuri sana! Vumbi ile! Vivuli! Nimepita barabara yote mpaka mwisho. Ulikuwa na haki, Kamiyo ni Kamiyo.

Ile nyumba nimeiangalia vizuri. Haifanani na ya muntu. Iache vile iko. Labda tu pikipiki iende polepole kidogo kwenye kona.

Mwambie Bertrand asante, lakini kazi yangu bado naiweza.

Mudogo wako,
Espoir


Bujumbura, 10 Julai 2025

Mudogo wangu mwenye macho makali,

Salamu, salamu, salamu! Leo hata mugongo siusikii.

Pikipiki nimeipunguza kwenye kona, na kweli inakaa vizuri zaidi. Bertrand alikuwa anabisha, nikamuambia: «Mudogo wangu amesema.» Kituo cha vijana cha hapa watatuweka kwenye maonyesho yao, tarehe 30 Agosti, muchezo yetu kwenye kioo kikubwa, na watu watacheza wamesimama. Nimewaambia tuko wawili. Uanze kutafuta karatasi ya kuvuka, sitasimama pale peke yangu.

Na juu ulisema yote iko sawa, sikungoja. Nimeiweka kwenye simu ya Consolate, na yeye amewapatia motari wa Kavimvira. Anasema wanarushiana simu kwa simu, wanagombana nani amefika nivo ya tano. Umesikia? Simu zao zimeibeba! Uliogopa bure.

Nakushukuru, Espoir. Bila jicho lako nisingetoa kitu.

Yaya wako,
Kaneza


Uvira, 19 Julai 2025

Yaya,

Leo sina salamu ndefu. Papa iko muzima, minye niko muzima, na nataka tubaki hivyo.

Jana kwenye parking ya hapa Rugenge, motari moja jina lake Claude alinionyesha simu yake. «Espoir, hii si ya kwenu?» Niliangalia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Soma tena, yaya: mara ya kwanza. Kamiyo haikufunguka kwangu hata siku moja. Inafika kwenye picha yake ya kuanza, ordinateri inapiga kelele, inazimika. Nilifuta filamu zote, nikafuta picha zangu za shule, nikaazima feni ya jirani nikaielekeza pale chini. Bure. Na simu yangu ni hii ya vifungo, haingii muchezo. Nikaogopa kukuambia. Ulikuwa umekwisha kuandika jina la Bertrand. Niliona nikisema sikuweza, nitabaki muntu wa kupokea flashi na kurudisha flashi. Basi nikasema nimeona.

Sasa nimeona. Claude alicheza mpaka nivo ya tano na minye nimesimama nyuma yake. Nyumba ya wezi iko na kibanda cha njiwa juu ya jikoni. Na geti yake ni mulango wa basi ya zamani, rangi ya bulu. Kaneza, mulango wa basi! Kwenye bonde lote uko moja tu. Ni kwa Muzee Nshimirimana, jirani wa papa. Ulikuwa unapita pale kila asubuhi ukienda shule.

Claude hajui, yeye ni wa hapa mujini. Wa Mutarule watajua mara moja. Na mwezi huu ng'ombe zimepotea kule, vijana wanazunguka na fimbo, wanatafuta nyumba ya kuchoma. Tumewaonyesha nyumba. Tena tumeandika juu yake jina la papa. Wakichoma kwa muzee, watoto wake hawatauliza nani alichora, watakuja kwa Rénovat. Hata wasipochoma, muzee mwenyewe atauliza kwa nini jirani yake anamuita mwizi mbele ya Uvira yote.

Antene haina mazutu, siwezi kukupigia. Niambie nifanye nini. Consolate nimemuomba akupatie hii mukononi, asiiweke na ndagala.

Espoir


Bujumbura, 20 Julai 2025

Espoir,

Barua yako nimeisoma asubuhi nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sasa Consolate amerudi, iko hapa mulangoni, mupaka unafungwa jioni, basi naandika haraka na utasoma vile utaweza.

Nimekasirika sana. Nilikuuliza kitu kimoja. Kimoja! Bertrand angejuaje mulango wa basi wa Mutarule? Barabara ile sikumuamini muntu mwingine isipokuwa weye. Ungesema «haifunguki», ningekutumia picha. Picha tu, Espoir, za karatasi, minye nafanya kazi kwenye duka la kuchapisha! Eti uliona aibu. Sasa aibu yako iko wapi na papa iko wapi?

Na minye pia. Minye njo nilichora. Nilifikiri nyumba ile nimeitunga, nilikuwa najisifu na mulango wangu wa bulu. Niliitoa kwa muzee wa watu bila kujua, nikamufanya mwizi. Tangu nisome barua naona ule uso wake akitupatia sisi watoto mabunda ya miwa juu ya lile geti. Naogopa sana.

Sikia. Muchana wote nimebadilisha nyumba, toleo mupya iko kwenye flashi, wapatie motari wote wenye utawakuta. Lakini hiyo haitatosha. Enda Mutarule. Usitume muntu, usipitishe kwa simu ya muntu. Mwambie papa kwanza, yote, bila kuzunguka. Halafu muende kwa muzee na pombe ya mutama, mukae chini, museme. Ukikuta habari imekwisha kumufikia, enda vilevile.

Usipate wazo la kumwambia ni minye peke yangu. Na usiseme ni weye peke yako. Sisi wote wawili.

Yaya wako, mwenye anakupenda na mwenye angekupiga,
Kaneza


Mutarule, 26 Julai 2025

Yaya wangu,

Pokea salamu za papa. Iko muzima. Naandika hii kwenye mukeka wake, yeye iko nje anaangalia barabara, anafanya kama anaangalia mahindi.

Nilimuambia yote. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuacha kuchambua. Mwisho akauliza: «Jina langu umeliweka na nani?» Nikasema, na Kaneza, tulitaka ufurahi. Akaingia ndani akafunga mulango. Kesho yake akaenda kwa Marie-Jeanne mwenye anapika pombe, tukangoja mpaka iive. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

Leo asubuhi tulibeba mutungi. Yaya, habari ilikuwa imefika mbele yetu. Vijana walikuwa wamepita kwa muzee wakahesabu ng'ombe zake moja moja, wakishika simu, wanaangalia kioo, wanaangalia geti. Hawakuchoma kitu. Walisema watarudi. Tulikuta watoto wake wamekaa kwenye kiwanja na mapanga kwenye magoti, na hakuna mwenye alitujibu salamu. Jeancy, yule mukubwa, mwenye tulikuwa tunaenda naye kuoga mutoni, alinigeuzia mugongo.

Papa aliweka mutungi katikati, akaweka mirija. Nikapiga magoti, nikasema. Nilisema ulichora kwa kukumbuka bila kujua unakumbuka. Nilisema uliniuliza, na minye nikadanganya kwamba nimeona. Pale walicheka, lakini kicheko kibaya. Muzee hakushika murija. Akauliza: «Hiyo nyumba yangu ya wezi, sasa hivi iko wapi?» Nikasema umeitoa, umeweka ingine. Akasema: «Umeona?»

Nyumba mupya pia sijaiona, nimerusha tu faili kwa motari.

Akasema hivi, nakuandikia vile alisema: «Minye siwezi kuingia kwenye simu za watu. Lakini sitaki kusikia kwamba watoto wa Rénovat bado wanakuza kitu yenye imeniita mwizi, wanabadilisha mulango, wanabadilisha paa, wanaenda nayo mbele za watu Bujumbura. Mukono yenye imechora, ifute yote. Aandike kwa mukono wake mwenyewe kwamba amefuta, isomwe hapa mbele ya hao vijana wenye simu. Barua ikija pombe ikingali tamu, nitakunywa na baba yenu. Ikikuta imechacha, kila muntu abaki kwake.»

Yote, yaya. Si nyumba tu. Nilimuomba juu ya zile nivo zingine, papa akanishika bega ninyamaze. Najua hiyo haitatoa muchezo kwenye simu za Uvira. Lakini muzee anataka aone tumekata kitu chetu. Na vijana wakisikia sisi wenyewe tumeikana, watakosa cha kushika.

Mutungi uko kwa papa, umefunikwa na majani. Marie-Jeanne anasema kwa joto hii hautangoja sana. Nimempa motari barua hii aifikishe kwa Consolate leo leo. Najua ni kazi yako ya miaka miwili. Najua tarehe 30 Agosti. Sina haki ya kukuomba, na nakuomba.

Mudogo wako,
Espoir


Bujumbura, 27 Julai 2025

Espoir wangu,

Jambo kwako na kwa papa. Mwambie aingie ndani aache kusimama barabarani.

Nitakuambia vile ilikuwa, juu sitaki kati yetu kuwe tena kitu cha kupaka rangi. Barua ilifika, nikamusomea Bertrand. Akasema: «Fanya kopi, ficha, andika umefuta. Nani atajua?» Nikafanya kopi. Niliiweka kwenye disiki ndogo, nikaitia ndani ya mufuko wangu, nikafuta ile ya ordinateri, nikaandika barua nzuri kabisa. Consolate alikuwa ananyoosha mukono. Na barua haikutoka kwangu. Niliona weye unaisoma kwa sauti mbele ya muzee, unasema yaya yangu amefuta, na papa anashika murija.

Nikaichana. Nikatoa disiki, nikafuta, nikaingia kwenye kompte ya Kamiyo nikafuta pale vilevile, motari, barabara, mutaro wa mupunga, vyote. Wa kituo cha vijana nimewaambia hatuna kitu cha kuonyesha. Bertrand amesema minye ni mujinga. Nililia mpaka mukubwa akanipa ruhusa niende nyumbani, akidhani ni mugongo.

Hii hapa ni ya kusomewa muzee. Soma polepole, unakuwaga na haraka:

«Muzee Nshimirimana, minye Kaneza wa Rénovat. Nyumba yako niliichora minye, na niliiita ya wezi, na ni uongo. Niliichora juu ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote nilizoziona nikiwa mutoto, na sikujua ni hiyo nakumbuka. Nimefuta muchezo wote kwa mukono wangu, sikubakiza kopi. Mwenye bado iko nayo kwenye simu, ajue wenyewe wameikataa. Nakuomba musamaha, weye na watoto wako. Nikipata njia nitakuja kupiga magoti mwenyewe.»

Kimbia, Espoir.

Yaya wako,
Kaneza


Mutarule, 29 Julai 2025

Yaya wangu,

Tuko wazima sote. Nasema hiyo kwanza ili upumue.

Barua ilifika leo muchana. Papa alifunua mutungi, akaonja kwa kidole, akafanya uso. Ilikuwa imeanza kuchacha. Aliubeba vilevile, na minye nikabeba barua. Vijana wenye simu waliitwa, wakasimama kando ya geti, wengi kuliko nilivyofikiri. Nilisoma polepole. Pale kwenye «nyumba nzuri kuliko zote», Jeancy aliinua kichwa.

Nikamaliza. Muzee akaniangalia. Akauliza: «Amefuta kweli?»

Kila muntu alikuwa anangoja niseme ndiyo. Papa alikuwa ananiangalia nijibu ndiyo. Yaya, ulimi ulikuwa tayari kabisa. Nikasema: «Sikuona. Sikuwa pale. Yeye njo amesema, na minye namuamini.»

Kijana moja wa kwenye geti akasema: «Si munasikia, hata yeye hajui!» Nikafikiri nimetuua. Muzee akamuambia yule kijana anyamaze. Akasema: «Leo angalau amesema kwamba hakuona.» Akashika murija, akavuta, akakunja uso juu ya ule uchachu, akamupa papa murija ya pili. Walikunywa vichwa karibu karibu. Vijana wakabaki kidogo, halafu wakaanza kuondoka moja moja. Wawili walifuta muchezo kwenye simu zao mbele ya Jeancy. Wengine sijui.

Basi imekwisha. Nilitaka nifurahi na ninachofanya ni kulia nyuma ya jikoni ya papa. Nimekupotezea kazi yako yote juu ya kiburi ya ordinateri ya scotch. Nimeamua kubaki hapa mpaka mavuno ya mupunga, papa anahitaji mikono. Ukianza muchezo ingine, anza na Bertrand. Yeye mashine yake inafungua vitu. Sitakasirika.

Mudogo wako,
Espoir


Bujumbura, 6 Agosti 2025

Mudogo wangu,

Salamu kwako, kwa papa, na kwa Muzee Nshimirimana ukimuona. Minye niko muzima. Siku mbili za kwanza nilikuwa naenda kazini bila kuongea na muntu, sasa naongea, hata na Bertrand, kidogo.

Barua yako naitembea nayo. Ile ya «sikuona» nimeisoma mara nyingi. Ningekuwa pale ningekukanyaga mguu useme ndiyo, na ningekosea.

Ya kuvuna mupunga, vuna. Papa asifanye peke yake. Lakini ya Bertrand usiniandikie tena. Nimekuwa na Kamiyo na vivuli vyake na sikuwa na muntu wa kuniambia geti ni ya nani. Nimeishusha Kinga, toleo yake ya mwisho, ndogo hata flashi imebaki na nafasi. Ndani kuna ukurasa moja tu nimeanza, uwanja mutupu na pikipiki. Motari bado iko bapa. Sijachora nyumba hata moja, nyumba zote utachora weye, na mwenyewe wa kila nyumba utaenda kumuuliza mbele ya kuweka rangi.

Nimemupa Consolate flashi leo asubuhi. Ukirudi Rugenge, washa ile ordinateri yako, jaribu kufungua. Ikikataa, uniambie ilikataa.

Yaya wako,
Kaneza